Stelingi Ni Nani? Tetsuo Mbele ya Watazamaji wa Kewanja

Tetsuo: The Iron Man ni filamu ya Kijapani ya mwaka 1989. Ina dakika 67, haina rangi, na maneno yanayosemwa humo ni machache sana. Shinya Tsukamoto aliiandika, akaiongoza, akashika kamera, akaihariri, na bado akaigiza mmoja wa wahusika wakuu. Mwigizaji wa kike, Kei Fujiwara, naye alishika kamera, na sehemu ya picha ilipigwa kwenye chumba alichokuwa akiishi mwenyewe. Kwa lugha ya kwetu tungesema ni filamu ya kuungaunga. Pesa hazikuwepo. Vilikuwepo vyuma chakavu, waya, gundi na ubishi.

Hadithi yenyewe, kwa kifupi, ni hii. Jamaa mmoja anajichana paja na kujichomeka chuma. Kidonda kinaingia funza, anatoka mbio barabarani akipiga kelele, gari linamgonga. Baadaye tunamkuta mfanyakazi wa ofisini, mtu wa suti na miwani, ananyoa ndevu asubuhi. Shavuni anaona kitu kama mwiba. Ni chuma. Kuanzia hapo chuma kinamtoka mwilini kidogo kidogo mpaka mtu mwenyewe anapotea, linabaki lundo la chuma linalotembea.

Ukisoma maoni ya watazamaji wa nchi nyingine utakuta makundi mawili. La kwanza linasema hii ni kelele tupu, haieleweki, inaumiza kichwa. La pili linasema ni kazi ya kipekee, kisha linaanza kueleza Tokyo, viwanda, mashine, na jinsi mtu wa mjini anavyomezwa na vitu alivyovitengeneza mwenyewe. Wengi wa kundi hili huilinganisha na Eraserhead ya David Lynch (1977), au kazi za David Cronenberg kama Videodrome (1983) na The Fly (1986), zile filamu ambazo kitisho hakiji kutoka porini wala makaburini. Kinaanzia kwenye ngozi yako.

Kewanja tuna kundi la tatu, na ndilo ninalotaka kuliandikia leo.

Kwa msomaji asiyeijua, Kewanja iko Nyamongo, wilaya ya Tarime, mkoani Mara, pembeni kabisa mwa mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara. Uzalishaji wa mgodi ulianza 2002, lakini dhahabu ya kwetu ilikuwa inachimbwa na wachimbaji wadogo hata kabla ya hapo. Mtoto wa Kewanja anazaliwa anasikia karasha likisaga mawe, anakua anasikia malori. Muziki wa Chu Ishikawa kwenye hii filamu, ambao wakosoaji huusema kwa hofu kwamba ni wa chuma kugonga chuma, sisi ulitupita hivihivi. Kijana mmoja aligeuka tu akauliza kama mtu kaacha mashine inawaka huko nje.

Tuliitazama Desemba, wakati watu wengi wamerudi nyumbani, kwenye banda la video la mpwa wangu. Kiingilio shilingi 500. Watoto tuliwatoa, na mpwa akasimama mlangoni kuhakikisha hawarudi kupitia uani. Tulibaki kama ishirini hivi. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nikapewa maiki nitafsiri. Waliokua enzi za kanda za VHS wanamkumbuka Lufufu na jinsi alivyoweza kuifanya sinema ya Hong Kong isikike kama imetokea Manzese. Mimi sina kipaji hicho. Nilisema kilichoandikwa, na palipokuwa hapajaandikwa kitu nikanyamaza, jambo ambalo lililalamikiwa sana.

Maoni ya kwanza yalitoka kwa fundi wa kuchomelea. Alikaa mbele, na kila chuma kilipotokea kwenye mwili wa yule bwana alikitaja: huo waya, hilo bomba, hicho kifuniko, hiyo springi. "Hapa hakuna aliyechomelea," akasema. "Wamembandika tu." Mtu wa pembeni akamwambia anyamaze. Akajibu kwamba hajaisema vibaya, anaisifia. Mtu mwenye vitu vya kuokota akikutisha, huyo ni fundi. Sijasoma popote sifa nzuri kuliko hiyo kwa Tsukamoto.

Maoni ya pili yalikuwa swali, na ndilo swali la kila banda la video Tanzania hii: stelingi ni nani? Watu wanataka kujua mapema. Stelingi ni yule usiyetakiwa kumhofia, maana hafi. Adui ni yule mwingine. Dakika kumi za mwanzo hakuna aliyeweza kujibu. Yule aliyejichana paja? Huyo kagongwa na gari. Yule wa suti? Huyo anaoza kwa chuma. Mwanamke wa stesheni, aliyegusa kipande sakafuni na kuanza kumkimbiza bwana wa suti akiwa na mkono wa chuma? Huyo kapita tu. Mzee mmoja akatoa hukumu ya muda: "Karogwa." Watu wakatulia kidogo. Kurogwa ni jambo linaloeleweka. Anayerogwa ana mtu aliyemkosea, kwa hiyo tusubiri tutamjua.

Hapo ndipo watazamaji wa Kewanja walipowapita wengi ninaowasoma. Watazamaji wetu wamelelewa na sinema za kutisha za Bongo, zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Nazo zilitengenezwa kwa pesa ya mboga. Ngozi ya mzuka ilionekana wazi kuwa ni rangi, na meno ukiyaangalia vizuri unajua yametoka wapi. Lakini sinema hizo ziliwafundisha watu kitu kimoja: jambo baya likimfika mtu, usiangalie tu lilivyo. Uliza lilitoka wapi, limekuja kudai nini. Kwa hiyo wakati mtazamaji wa Ulaya anauliza chuma kinamaanisha nini, wa kwetu anauliza chuma kimetumwa na nani.

Na filamu ina jibu. Inalificha tu. Kwenye nusu ya pili tunarudishwa nyuma: dereva wa lile gari alikuwa huyuhuyu bwana wa suti, na mwanamke wake alikuwa pembeni. Walimgonga mtu. Hawakumpeleka hospitali. Walimbeba wakaenda kumtupa mitini, na hapohapo, jasho halijakauka, wakaanza kustarehe. Aliyetupwa alikuwa bado hai, anawaangalia.

Banda lote likaguna. Mzee wa kurogwa akapiga paja: "Nilisema!"

Kuanzia hapo haikuwa tena sinema. Ilikuwa iritongo. Wakurya wanaelewa ninachosema. Iritongo ni baraza letu la kimila, watu wanakaa, mtu anaelezwa kosa lake, kila mwenye neno analisema. Mpwa wangu alisimamisha picha bila kuambiwa, uso wa yule bwana ukabaki umeganda pale ukutani, nusu nyama nusu chuma, kama mshtakiwa.

Dereva mmoja wa magari ya abiria akasimama kumtetea. Akasema nyie mnaongea kwa sababu hamjawahi kushika usukani. Ukimgonga mtu kijijini ukisimama unachomwa wewe na gari. Kila dereva anajua. Sheria ya Usalama Barabarani inakutaka usimame, watu wanakutaka ufe. Kwa hiyo dereva anakanyaga mafuta, na anayemlaumu aje alale na hofu ile usiku mmoja.

Hakuna aliyemcheka, maana ni kweli. Tumeyaona. Lakini mama mmoja anayeuza chai pale senta akamjibu taratibu tu. "Kukimbia nimekuelewa, mwanangu. Ukikimbia hadi polisi ukajisalimisha, nimekuelewa. Huyu hakukimbia. Huyu alishuka, akambeba, akamwona macho, akamtupa. Halafu akafanya yale aliyoyafanya mbele yake. Sasa hapo hofu iko wapi?"

Dereva akasema hapo hana la kusema.

Ukitaka maelezo ya kwa nini mwili wa yule bwana ndio unaoadhibiwa, na si nyumba yake wala kazi yake, sijayapata bora kuliko ya mama huyu. Kosa lilifanywa kwa mwili. Mikono ilibeba, macho yaliona, na kilichofuata pale mitini kila mtu alikielewa. Kwa hiyo deni linalipwa na mikono, macho, na vilevile kile kiungo ambacho filamu inakigeuza kuwa keekee ya kutobolea. Sehemu hiyo, niseme ukweli, ilimtoa baba mkwe wa mpwa wangu nje ya banda bila kuaga. Kwetu mkwe na mkwe hawakai pamoja kwenye mambo kama hayo, hata yakiwa ya chuma.

Mgodi ulitajwa mara moja. Kijana aliyewahi kubeba mawe alisema huyo bwana wa suti akija huku angepimwa, huenda ana gramu kadhaa. Watu wakacheka, basi. Najua msomaji wa mbali angependa tuseme kwamba chuma kinachomla mtu ni mgodi unaokila kijiji. Maoni ya namna hiyo yanapendeza kwenye maandishi. Lakini mtu anayeishi karibu na shimo kubwa hahitaji sinema imweleze shimo. Sinema aliitaka kwa jambo ambalo halina pa kusemewa.

Sasa nimfikie kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa kwenye benchi la mwisho, mguu umenyooshwa.

Kaka ana chuma ndani ya paja. Kweli, si mfano. Mwaka 2016 alikuwa anarudi na pikipiki jioni, akitokea upande wa Tarime mjini, gari likamgonga kwa nyuma, likaenda zake. Wachunga ng'ombe walimkuta alfajiri mtaroni. Zikafuata PF3, hospitali, rufaa, hospitali nyingine. Akawekewa chuma kushikilia mfupa, akaambiwa mfupa ukishaunga anaweza kurudi kitolewe. Kila pesa ilipopatikana ilikuwa na ada inayoisubiri. Chuma kimebaki. Kipindi cha baridi kinamuuma, na mvua ikikaribia anajua kabla ya mtu yeyote.

Ilipoanza ile picha ya mtu kujichomeka chuma pajani, vichwa viligeuka nyuma kumwangalia. Mimi niliye na maiki niliona. Yeye aliangalia mbele tu. Wakati wa iritongo lote hakusema kitu. Kisha filamu ikaendelea hadi mwisho, ambapo aliyegongwa na aliyemgonga wanapambana, wanashikana, chuma cha huyu kinaingia kwenye chuma cha yule, wanakuwa lundo moja kubwa linaloviringika mitaani kwenda kuigeuza dunia nzima iwe kama wao. Yanatokea maandishi: GAME OVER. Vijana wakapiga kelele, "Adui kaungana na stelingi!" Na ubishi wa stelingi ni nani ukaanza upya, maana sasa walikuwa mtu mmoja.

Ndipo kaka akasema, bila kuinua sauti: "Yeye angalau amempata."

Watu wakanyamaza.

"Huyo aliyetupwa," akaendelea. "Anamjua aliyemgonga. Amemfuata mpaka kwake. Mimi nina chuma tu. Mwenye gari sina."

Msomaji, inabidi ujue kwamba jambo hilo nyumbani kwetu lilikuwa halisemwi. Siku zile za ajali kulikuwa na minong'ono kuhusu gari la mtu wa upande wa pili, watu tunaooleana nao, na baba mkubwa akakata: hakuna aliyeona, hakuna wa kutaja. Mkurya anajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi. Kaka alitii. Miaka yote alizungumza habari za mguu, za dawa, za baridi. Gari hakulitaja.

Yule dereva aliyekuwa akimtetea bwana wa suti ndiye aliyemgeukia. "Gari lilikuwa la namna gani, mura?"

Kaka akajibu haraka, kama mtu aliyekuwa na jibu mdomoni siku nyingi. Gari dogo, jeupe. Taa ya kulia haiwaki.

"Saa ngapi?"

"Saa moja imepita. Giza limeshaingia."

Dereva akakuna kichwa. Akasema magari mabovu yanajulikana, mafundi wanayajua, taa moja mwaka ule si nyingi barabara ile. Atauliza stendi. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Asubuhi yake baba mkubwa aliniita. Alikuwa ameshasikia kila kitu, na nadhani alikuwa ameongezewa. Hakunifokea. Aliniuliza kwa nini sinema zote za dunia, nimeleta hiyo. Nikamwambia ni sinema ya watu wa mbali, Wajapani, hata hawatujui. Akasema ndiyo maana. Mtu asiyekujua ndiye anayeweza kukufukulia kitu chako, kwa sababu hajui amekanyaga wapi. Kisha akaniuliza, na hili sikulitarajia, kama kwenye hiyo sinema yule wa gari aliomba msamaha.

Nikafikiri kidogo. Nikamjibu: hapana, tata. Hakuomba. Waliungana tu.

Akasema basi haijaisha.

Mpaka naandika haya, dereva hajaleta jibu kutoka stendi, na huenda asilete. Kilichobadilika ni kidogo. Kaka sasa analitaja lile gari. Analitaja mezani, mbele ya wake zetu na watoto, kama mtu anavyotaja jambo lililomtokea. Baba mkubwa hamkatizi. Na wadogo zake wamekaa wakakubaliana pesa ya mahindi ya msimu huu isiguswe, kitolewe hicho chuma. Yeye mwenyewe bado hajasema ndiyo. Nilipomuuliza anasubiri nini alinijibu kwamba kikishatolewa, hatabaki na kitu chochote cha siku ile.

Je, Tetsuo ni filamu nzuri? Nitasema kama mtazamaji, si kama ndugu. Ina makosa. Kelele zake zinachosha. Hata sisi wa makarasha, ilipofika dakika ya hamsini wawili walikuwa wamelala. Mwanamke anaonewa. Alikuwemo garini na anastahili hukumu yake, lakini filamu inamfanyia ukatili kwa furaha inayozidi kosa lake, na akina mama waliokuwepo walilisema hilo wazi. Tsukamoto alirudia wazo hilo mara mbili, mwaka 1992 na 2009, na zote hazina nguvu ya ile ya kwanza iliyotengenezwa kwa vitu vya kuokota.

Lakini wanaosema haieleweki hawajaisikiliza hadithi. Wamezibwa na vyuma. Ondoa vyuma vyote, utabaki na barabara, gari, mtu aliyelala chini, na watu wawili wanaoangaliana waamue la kufanya. Hilo halihitaji kujua Tokyo ilivyo. Barabara ya kwenda Tarime inatosha. Na kwa nini filamu inasubiri nusu nzima ndipo ituonyeshe? Kwa sababu ndivyo mtu aliyefanya jambo kama lile anavyoishi. Ananyoa ndevu, anavaa suti, anakwenda kazini, na yeye mwenyewe hataki kukumbuka. Mwili ndio unaoanza kusema. Tsukamoto hakuwa na pesa ya kuonyesha majuto, akaonyesha mwiba shavuni. Nadhani angekuwa na pesa angeiharibu.

Ukiipata, usiitazame peke yako kwenye simu. Kusanya watu. Watoto watoe nje, wakwe waombe radhi mapema. Mpe mtu maiki hata kama hana kipaji. Na mkifika kwenye yale maandishi ya mwisho msizime kwanza, waulize stelingi ni nani.